Kisichoshika Kutu Huyeyushwa: Magari ya Alumini na Kumbukumbu ya Kanda ya Kati

Chuma kina desturi ya kuondoka chenyewe. Kiache nje kwa misimu kadhaa ya mvua, nacho kitaliwa na kutu mpaka kibaki vumbi jekundu. Alumini haina desturi hiyo. Bati la alumini lililoachwa juani Dodoma mwaka 1960 bado ni bati la alumini leo. Limefifia, limebonyea, pengine limetobolewa, lakini lipo. Tofauti hiyo ndogo ya kikemia ina maana kubwa kwa anayesoma historia. Chuma kikipotea tunaweza kuilaumu mvua. Alumini ikipotea, kuna mtu aliyeamua ipotee.

Makala haya yanahusu uamuzi huo. Yanahusu magari ya zamani yenye bodi ya alumini, ufundi wa kuyafufua na kuyang'arisha, na swali ambalo naona tunalikwepa hapa Makao Makuu ya nchi: kwa nini dola iliyowafikia wananchi wake vijijini kwa magari hayo inayaondoa kwa utaratibu usioiuliza historia swali hata moja?

Alumini ya vita, barabara za amani

Tuanze mbali kidogo, kwa sababu madini haya hayakufika kwetu kwa bahati. Katika miaka ya 1930 huko Marekani, fundi wa ndege Hawley Bowlus, aliyesimamia ujenzi wa ndege ambayo Charles Lindbergh alivukia Bahari ya Atlantiki mwaka 1927, alitengeneza nyumba ya kukokotwa na gari kwa njia ileile aliyotengenezea ndege: mabati membamba ya alumini yaliyoshonwa kwa ribiti juu ya mbavu nyepesi. Wally Byam alilichukua wazo hilo, na mwaka 1936 kampuni yake ya Airstream ikatoa karavani ya alumini iliyong'aa kama kioo. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, alumini yote ilihitajika kwa ndege za kivita, na kiwanda cha karavani kikafungwa. Vita vilipokwisha, madini na ufundi vikarudi barabarani.

Nchini Uingereza mambo yalikwenda kwa njia hiyohiyo, ila kwa sababu ya dhiki. Baada ya vita chuma kilitolewa kwa mgawo, ilhali viwanda vilivyokuwa vikihudumia ndege vilikuwa na alumini tele. Maurice Wilks wa kampuni ya Rover alibuni gari la shamba lenye chasisi ya chuma na bodi ya Birmabright, yaani aloi ya alumini na magnesi. Gari hilo, Land Rover, lilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, na uzalishaji wa kizazi chake cha mwisho chenye ukoo wa moja kwa moja ulisimama Solihull tarehe 29 Januari 2016. Kwa hiyo, msomaji unapoiona Land Rover kuukuu imeegeshwa chini ya mkwaju, unatazama pia uchumi wa Uingereza iliyotoka vitani: nchi iliyokosa chuma, yenye deni, na yenye makoloni iliyotarajia yaisaidie kulilipa.

Karavani za Byam nazo zilifika barani kwetu. Mwaka 1959 aliongoza msafara wa karavani 41 za alumini kutoka Cape Town hadi Cairo. Zilipita Afrika Mashariki, zikapokewa Addis Ababa katika enzi ya Haile Selassie, na hatimaye zikapigwa picha mbele ya mapiramidi ya Misri. Picha hizo zilitembea dunia nzima. Katika nyingi ya hizo, Mwafrika yuko pembeni, akitazama. Yeye hana karavani. Anasubiri uhuru, ambao kwa Tanganyika ulikuja tarehe 9 Desemba 1961.

Leo karavani za aina ile, pamoja na magari-nyumba ya alumini yaliyofuata baadaye, ni mali ya thamani kwao. Wastaafu hutumia miaka wakikwangua rangi, wakibadilisha ribiti na kung'arisha bati moja baada ya jingine. Nyumba ya magurudumu waliyowekwa wanaanga wa Apollo 11 waliporudi kutoka mwezini mwaka 1969, ili wasije wakaleta vijidudu duniani, ilijengwa kutokana na karavani ya Airstream. Nayo imehifadhiwa katika makumbusho ya taifa hilo. Kitu cha kawaida kabisa, kilichotengenezwa kiwandani kama maelfu ya vingine, kimekuwa urithi kwa sababu kuna watu waliokiangalia wakasema: hiki kilibeba jambo letu.

Uwanda wa kupita njia

Nasi tuna vilivyobeba mambo yetu. Ugogo ni nchi ya njia tangu zamani. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ililazimika kupita hapa, na watemi wa Kigogo wakatoza hongo kwa ajili ya maji na kibali cha kupita. Siku hizo neno hilo lilikuwa na maana ya ushuru halali, si rushwa kama tulivyoligeuza. Reli ya Kati ikafika Dodoma mwaka 1910. Baadaye Waingereza walipoota barabara moja kutoka Cape hadi Cairo, tawi lake kuu lilipita Iringa, Dodoma, Kondoa, Babati na Arusha. Kipande cha Dodoma hadi Babati kilizinduliwa rasmi kikiwa na lami mwaka 2018, miongo mingi baada ya ndoto yenyewe kufa.

Kisha ikaja Kongwa. Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza iliidhinisha mpango wa kulima karanga katika zaidi ya ekari milioni tatu, sehemu kubwa ikiwa Tanganyika, ili kukidhi njaa ya mafuta ya kula iliyoachwa na vita. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Zana zilikuwa mabaki ya vita: matrekta yaliyokwisha tumika jeshini, na vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa na kampuni ya Vickers kuwa matrekta, yakaitwa Shervick. Mibuyu na vichaka vikayashinda, udongo uliogeuka kama saruji baada ya mvua ukayashinda, na mvua yenyewe haikunyesha kwa ratiba ya London. Mwezi Januari 1951 mpango ulifutwa, huku hasara ikiwa zaidi ya pauni milioni 36.

Naitaja Kongwa kwa sababu inatufundisha kanuni moja. Tunajua habari za mpango ule kutokana na nyaraka za Bunge la Uingereza, magazeti ya London na vitabu vya waliokuwa waajiri. Kwa upande wa vibarua na mafundi wa Kigogo, Kihehe, Kinyamwezi na wengineo, ambao mikono yao iliyazungusha yale mashine, nyaraka ni haba. Mashine zenyewe zingeweza kutusemea: viraka vilivyobuniwa porini bila vipuri, majina yaliyochorwa kwa msumari, sahani ya kiwandani inayoonyesha lilikotoka. Lakini mashine zilikuwa za chuma, na zile ambazo hazikuliwa na kutu zilikuwa na bei kwa kilo.

Mwaka 1964 Kongwa ileile ikawa kambi ya wapigania uhuru wa Kusini mwa Afrika: FRELIMO, ANC, SWAPO, MPLA na ZAPU. Samora Machel na Chris Hani ni miongoni mwa waliopita hapo. Mwaka 1971 ikaja Operesheni Dodoma, watu wakahamishiwa katika vijiji vya ujamaa, na Mwalimu Nyerere mwenyewe akaenda kuishi na kufyatua matofali Chamwino. Mwaka 1973 ilikuwa kampeni ya redio na vikundi ya Mtu ni Afya, na mwaka huohuo TANU ikaamua kwamba makao makuu ya nchi yahamie hapa. Katika miaka hiyo yote, gari lililomfikisha bwana shamba, bwana afya, mkaguzi wa elimu, mpimaji na mkuu wa wilaya mahali ambapo barabara iliishia lilikuwa mara nyingi Land Rover. Kwa mwananchi wa Mpwapwa au Kondoa, Serikali haikuwa jengo. Ilikuwa vumbi linalonyanyuka kwa mbali, kisha mlango wa alumini unaofunguliwa.

Nisieleweke vibaya. Sisemi mlango ule ulifunguka kwa heri kila mara. Ulileta chanjo na mbegu, na ulileta pia amri ya kuhama. Wapo wazee katika mkoa huu ambao wakisikia ngurumo ya gari lile wanakumbuka daktari, na wapo wanaokumbuka nyumba iliyobomolewa. Hiyo ndiyo sababu ya kulihifadhi. Kitu kinachokumbukwa kwa namna moja tu kinahitaji bango. Kinachokumbukwa kwa namna mbili zinazogongana kinahitaji makumbusho.

Kutoka juu ya mawe hadi jikoni

Kila mtumishi wa umma anaijua safari ya mwisho ya gari la Serikali. Kwanza linakosa kipuri. Kisha magurudumu yanaondolewa "kwa muda" kusaidia gari jingine, nalo linawekwa juu ya mawe. Linakaa hapo, kuku wanatagia ndani, watoto wanaendesha usukani usiokwenda popote. Mwishowe linakaguliwa, linathaminishwa, linapigwa mnada pamoja na viti vibovu na mashine za chapa. Mnunuzi analitazama kama mafungu mawili: injini na ekseli zinazoweza kuuzwa, na bodi inayopimwa kwenye mizani.

Bodi ya alumini ina soko zuri. Kuyeyusha alumini chakavu kunahitaji takriban asilimia 5 tu ya nishati inayohitajika kuizalisha upya kutoka kwenye mawe ya boksiti. Tena inayeyuka kwenye nyuzi joto 660 hivi, kiwango ambacho tanuri la mkaa lenye kipulizio hulifikia bila shida. Ndiyo maana mafundi wetu wa mitaani wanaweza kuivunjavunja bodi ya gari asubuhi, kuimimina kwenye kalibu za mchanga mchana, na jioni wakawa na sufuria na miiko ya kuuza.

Sina ugomvi na mafundi hao. Wanafanya kazi ambayo nchi tajiri zinaifanya kwa ruzuku na maazimio. Tahadhari ya kiafya ipo: uchunguzi wa maabara wa sufuria zilizotengenezwa kwa vyuma chakavu katika nchi kadhaa, Tanzania ikiwamo, umekuta madini ya risasi katika baadhi yake. Hilo ni jukumu la wenye mamlaka ya viwango, na halifuti stahili ya fundi kula jasho lake. Ninachokisema ni kwamba fundi wa tanuri hana sababu ya kuuliza bati hili lilibeba nini. Swali hilo lilipaswa kuulizwa kabla ya mnada, na mtu anayelipwa na umma. Haliulizwi, kwa sababu katika fomu za uondoshaji wa mali hakuna mahali pa kuliandika.

Kung'arisha kunavyofuta

Hapa niingie katika ufundi wenyewe, kwa maana ndani yake mna somo ambalo sisi watu wa vitabu tunalihitaji.

Alumini ikigusana na hewa hujifunika papo hapo kwa utando mwembamba sana wa oksidi, wenye unene wa nanomita chache tu. Utando huo ndio unaoilinda isiendelee kuliwa. Mchanganyiko huohuo wa kikemia, ukiwa katika umbo la mawe, ni mgumu kiasi kwamba hutengenezewa msasa. Ule ufifu wa kijivu unaouona kwenye bati la zamani, basi, ni ngao yake.

Anayetaka kulirudishia bati mng'ao huanza kwa kuondoa rangi au utando wa plastiki uliopakwa kiwandani, kwa dawa ya kulainisha na si kwa kukwangua kwa chuma. Huosha kwa sabuni laini, kwa kuwa magadi na sabuni kali huila alumini. Kisha huchukua dawa ya kung'arishia yenye chembe kubwa kiasi na mashine yenye sufi, akalipitisha bati sehemu ndogo ndogo, akiifuata mistari ileile ambayo kiwanda kiliifuata. Hurudia kwa dawa yenye chembe ndogo zaidi, na mwisho kwa kitambaa laini. Bati moja hupitiwa mara tatu au nne. Gari-nyumba zima huchukua mamia ya saa. Ribiti iliyolegea hutobolewa na kugongwa upya na watu wawili, mmoja nje na nyundo ya upepo, mwingine ndani akiishikia kwa kipande cha chuma kizito. Na kila mahali ambapo alumini inagusana na chuma panahitaji kutenganishwa kwa rangi au mpira, kwa maana madini hayo mawili yakikutana penye unyevu, hasa wa chumvi, alumini huliwa. Ndiyo sababu gari la Tanga au Lindi huchoka kuliko gari la Dodoma. Ukame wetu, tulioulalamikia vizazi na vizazi, ni mhifadhi mzuri wa bati.

Sasa lije somo. Karavani nyingi za zamani zilijengwa kwa bati liitwalo Alclad: kiini cha aloi ngumu, juu yake tabaka jembamba la alumini safi. Tabaka hilo safi ndilo linalong'aa na ndilo linalokinga kiini kisiliwe. Kila unapong'arisha unaondoa sehemu yake. Ukipenda sana kung'arisha, siku moja unafika kwenye kiini, na hapo bati halitang'aa tena wala halitajikinga tena. Mng'ao una akiba, na akiba hiyo ina mwisho.

Land Rover haina tabaka hilo, kwa kuwa bodi yake ni aloi moja kutoka juu hadi ndani. Ina tabaka za namna nyingine. Katika gereji moja hapa Dodoma nilimkuta fundi mzee akiandaa mlango wa gari kuukuu ili upakwe rangi upya. Alikuwa amefika nusu. Chini ya nyeupe palikuwa na samawati, chini ya samawati palikuwa na kijani, na kwenye ile kijani zilionekana alama hafifu za herufi zilizowahi kuchorwa kwa kalibu ya karatasi. Nilimwomba asimame kidogo nipige picha. Akanitazama kwa huruma.

"Mwalimu," akasema, "mwenye gari anataka liwe jipya. Hizi ni taka za chini."

Nilimjibu kwamba hizo taka ndizo ninazozifundisha. Akacheka, akanisogezea mlango kwenye mwanga nipate picha nzuri, kisha akaendelea na kazi yake. Na kazi ilikuwa safi kweli.

Alikuwa na haki, kwa maana gari ni la mwenyewe na kazi ni ya kulipwa. Lakini fikiria msomaji: rangi tatu ni wenye mali watatu, au wizara tatu, au awamu tatu za sera. Herufi zile pengine zingetutajia mradi ambao faili lake halijulikani lilipo. Anayefufua gari kwa ajili ya sherehe huziondoa zote ili apate uso mmoja unaong'aa. Anayelihifadhi kwa ajili ya historia huacha angalau mlango mmoja bila kuuguza.

Na si magari tu tunayoyatendea hivyo. Tunayo tabia ya kuing'arisha historia yenyewe. Tunapoandaa maadhimisho, tunataka Azimio la Arusha lisilo na mikwaruzo, Operesheni Vijiji isiyo na nyumba zilizobomolewa, na wapigania uhuru wasiokosana kambini. Kizazi kinachofuata kinapokea uso unaong'aa usio na akiba nyuma yake. Kikiuguza kidogo tu, kinakuta hakuna kinachokinga, kisha kinakataa yote: uongo wetu pamoja na ukweli tuliokuwa nao.

Sheria inalinda faili, hailindi gari

Wanafunzi wangu huniuliza kama sheria haituzuii kupoteza vitu hivi. Jibu ni kwamba sheria tunazo, ila zilitungwa zikiwa na macho mahali pengine.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, katika tafsiri yake ya msingi, inakitambua kuwa cha kale kitu kilichotengenezwa Tanganyika kabla ya mwaka 1863. Kwa milango iliyochongwa na vifaa vya kijadi, mpaka unasogea hadi 1940. Gari lililotengenezwa Solihull mwaka 1958 na kutumika Mpwapwa mwaka 1971 halimo katika kipimo chochote kati ya hivyo: si la kale vya kutosha, na halikuzaliwa hapa. Sheria inampa Waziri uwezo wa kutangaza vitu vingine vyenye umuhimu wa kihistoria kuwa vinavyolindwa, lakini uwezo huo unahitaji mtu wa kumpelekea pendekezo, na pendekezo linahitaji mtu aliyeliona gari kabla ya mnada.

Linganisha na karatasi. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002, ofisi ya umma hairuhusiwi kuteketeza kumbukumbu kwa utashi wake. Lazima pawe na idhini na utaratibu. Hivyo faili linaloeleza safari ya bwana afya kwenda Kibakwe linalindwa. Gari lililompeleka halilindwi. Hata kitabu cha safari za gari, ambacho dereva alikijaza kila siku kwa mkono wake, tarehe, kilomita, mahali na jina la afisa, kinaangukia katikati: ni kumbukumbu ya umma, lakini kimezoeleka kutazamwa kama kifaa cha gari. Gari likiuzwa, nacho huachwa kwenye sanduku la mbele.

Jambo hili lina haraka. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma kikamilifu, ofisi zimehama, zimeunganishwa, zimejengewa majengo mapya Mtumba. Kila ofisi inayohama hupekua bohari yake, na kila bohari linalopekuliwa hutoa mnada. Kinachopotea katika miaka kama hii hakionekani katika taarifa yoyote, kwa kuwa katika taarifa kimeandikwa kama mapato.

"Wagonjwa hawana vitanda"

Wapo watakaosema: Daktari, nchi ina zahanati zisizo na vitanda, nawe unatulilia magari mabovu? Hoja hiyo ni nzito na sitaki kuipuuza. Ningekuwa naomba jumba la fahari lenye viyoyozi na magari mia, ningestahili kuzomewa.

Ninachoomba ni kidogo. Kwanza, fomu ya kuondosha mali iongezewe mstari mmoja unaouliza kama kitu hiki kina thamani ya kihistoria, na nani ameulizwa. Pili, kitabu cha safari na picha za gari pamoja na sahani yake ya kiwandani vipelekwe kwenye hifadhi ya nyaraka kabla ya gari kuuzwa. Gharama yake ni bahasha. Tatu, kwa kila aina ya gari lililokuwa uti wa mgongo wa huduma za umma, moja lisiuzwe. Liwekwe chini ya paa, kavu, bila kung'arishwa, likiwa na maelezo ya dereva wake ikiwa bado yu hai. Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam yanahifadhi magari yaliyotumiwa na viongozi wa nchi, na hilo ni jema. Lakini gari la kiongozi linatuambia alivyosafiri mmoja. Gari la bwana shamba linatuambia Serikali ilivyofika kwa mamilioni, au ilivyoshindwa kufika.

Tena mapenzi ya kuanzia tunayo. Mwezi Oktoba 2024 Arusha ilifanya tamasha la Land Rover lililowavuta wenye magari hayo kwa mamia. Wenye kuyapenda wapo, mafundi wanaoyajua hadi ribiti ya mwisho wapo, na hali yetu ya hewa ya ukame ni bohari la bure. Pengo ni la wanahistoria. Tumewaachia wapenda magari mng'ao, tumewaachia wenye tanuri bati, nasi tukabaki na karatasi tukidhani ndizo historia yote.

Mwanafunzi unayetafuta mada ya tasnifu, nenda kwa madereva wastaafu wa Mkoa wa Dodoma ukiwa na kinasa sauti. Wengi wao wana umri ambao hautatusubiri umalize kozi. Mwanaharakati unayedai uwajibikaji, jua kwamba kitabu cha safari cha mwaka 1974 ni ushahidi wa nani alikwenda wapi kwa amri ya nani. Nawe mtumishi wa umma mwenye funguo za bohari, wewe una uwezo kuliko sisi wote. Kabla ya kulitia saini gari lililo juu ya mawe nyuma ya ofisi yako, fungua sanduku la mbele, toa kitabu, soma sahani, piga picha rangi za chini mahali zilipobanduka. Kazi hiyo inachukua nusu saa. Baada ya mnada, haiwezekani tena.